Uzi maalum: spika za zamani za USB kwenye laptop na simu za sasa, usizitupe kwanza

kota_ya_reli (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam. Naufungua huu uzi maana naona spika nzuri sana zinaishia kwa wanunua skrepa bila sababu ya maana. Zile spika za kompyuta za kuanzia 1998 mpaka kama 2008 hivi, zenye waya wa USB tu na hazina pini ya earphone, zinaingia kwenye mizigo ya used kutoka Ulaya na Marekani, ukizunguka Kariakoo unazikuta zimerundikwa chini ya meza, muuzaji anachomeka kwenye laptop mpya haitoi kitu au inakwaruza basi anakwambia hii mbovu chukua kwa bei ya kutupa, na mnunuzi naye akifika home anahangaika nayo weee mwisho anaitupa kweli. Nyingi ni nzima kabisa. Ninayotumia mimi ni Harman Kardon SoundSticks ya kwanza, ile ya mwaka 2000 waliyoitoa wakishirikiana na Apple, plastiki yote inaonyesha ndani, sabufa moja na vijiti viwili vya pembeni, kila kijiti kina spika ndogo nne. Ile ya kwanza inaingia kwa USB tu, SoundSticks II ndio wakaja kuweka pini ya kawaida. Na inapiga kwenye Windows 11 bila kuinstall kitu chochote.

Kabla ya yote angalia spika yako ni ya aina gani maana hapa ndipo wengi wanapotea. Kuna spika ambayo waya wa USB unabeba sauti yenyewe kwa mfumo wa dijitali, ndani ya spika kuna chipu ya kuigeuza iwe umeme wa sauti halafu inakwenda kwenye amplifaya. Na kuna hizi zilizojaa mtaani siku hizi, ina waya wa USB NA pini ya earphone, hapo USB inaleta umeme wa volti 5 tu na sauti inapita kwenye pini. Ukichomeka USB peke yake taa inawaka, sauti hakuna, kompyuta haijui hata kama kuna spika. Kipimo ni rahisi, kama ina waya mmoja tu wa USB (au USB na waya wa umeme wa ukutani) basi ni dijitali. Kama ina vyote viwili, chomeka USB uone kama kompyuta inalia ile sauti ya kuona kitu kipya, isipolia ni ya umeme tu.

Hiki ndio kinachofanya niseme msizitupe. Mwaka 1998 walipotoa utaratibu wa sauti kwenye USB, toleo la 1.0, walikubaliana lugha moja ambayo kila spika ya USB itaongea na kila kompyuta itaielewa, kwa hiyo draiva (programu inayoiwezesha kompyuta kuongea na kifaa) iko tayari ndani ya Windows kuanzia Windows 98 kuja mpaka leo, iko kwenye Mac, iko kwenye Linux. Spika ya 1999 inayofuata ule utaratibu ikichomekwa kwenye kompyuta ya mwaka huu inatakiwa iongee. Isipoongea shida mara nyingi iko katikati, yaani umeme, waya, adapta, tundu au seting. Nitashusha moja moja kadri maswali yanavyokuja, karibuni.

mtotowapili

Mkuu asante kwa uzi. Mimi nilisoma sehemu kwamba Windows ilikuwa haina draiva ya sauti ya USB mpaka Windows 10 ya 2017, sasa imekaaje?

kota_ya_reli

Swali zuri mkuu, na hiyo habari ni ya kweli ila inahusu toleo la pili la utaratibu. Kuna sauti ya USB toleo la 2, ndilo la hizi DAC za kisasa (visanduku vya kugeuza sauti ya dijitali iwe analogi) zenye 24 bit na 192 kHz na vifaa vya studio, hilo Windows ilikuja kulikubali yenyewe kwenye toleo la 1703 mwaka 2017, kabla ya hapo ilibidi utafute draiva ya kampuni. Spika za zamani zote ni toleo la 1, hilo liko tangu enzi hizo. Kwa hiyo kwenye hili spika ya zamani ilikuwa na raha kuliko DAC mpya.

likoni_sound

Salaam aleikum. Mimi niko na Yamaha za USB, za zamani kidogo, zina waya wa umeme wa ukutani. Windows 11 yaziona, jina latokea, lakini sauti hazitoi hata kidogo. Nimejaribu kuzima na kuwasha mara kadhaa. Fundi wa huku ataka kuzifungua, nikasema ngoja kwanza niulize.

kota_ya_reli

Waaleikum salaam. Usimruhusu azifungue kwanza. Kama jina linatokea maana yake ile chipu ya USB iko hai na imejitambulisha vizuri kwa kompyuta, hiyo ni nusu ya safari.

Bonyeza alama ya spika pale chini kulia, kuna kamshale, chagua hizo Yamaha ziwe ndio njia ya kutolea sauti, maana Windows mara nyingine inabaki kwenye spika za laptop au kwenye skrini iliyochomekwa kwa HDMI na wewe unasubiri kwingine. Halafu ingia kwenye seting za sauti, gusa jina la hiyo spika, shuka mpaka kwenye fomati uweke 16 bit na 44100 au 48000, hizi spika hazijui zaidi ya hapo. Zima yale maboresho ya sauti yote. Cheki pia volyumu ziko mbili, ya Windows na ya kitufe cha kuzungusha kwenye spika yenyewe, nyingine zina ya tatu kwenye sabufa kwa nyuma.

Kama bado, fungua Divaisi Menija nenda sehemu ya sauti uone jina la draiva. Ukikuta draiva ya kampuni iliyobaki kutoka zamani, iondoe pamoja na mafaili yake, chomoa spika, restart, chomeka tena uiache Windows iweke yake ya kawaida.

Na kama umepitia yote hayo, sikiliza karibu na koni ukiwasha switch ya ukutani. Ukisikia hata "tup" ndogo basi amplifaya iko hai. Usiposikia kabisa wakati kompyuta inaiona, hapo sasa tunaongea habari za upande wa umeme wa amplifaya, maana ile chipu ya USB inaweza kuwa inakula umeme wa kompyuta wakati amplifaya inategemea umeme wa ukutani ambao umekufa. Ni vitu viwili tofauti ndani ya boksi moja.

kamau_wa_cables

Niko Nairobi, nafanya hizi vitu za ex-UK pale Luthuli. Naongezea kwa hii point ya draiva, tafadhali wasee msidownload draiva za hizi spika kwa hizo website zinakuambia "pakua draiva bure". Wateja wananiletea laptop imejaa virusi juu mtu alikuwa anatafuta draiva ya spika ya 2001. Ile CD yenye ilikuja na spika ilikuwa ya Windows 98 ama XP, ilikuwa na ekolaiza na vibonye tu, sauti yenyewe haikuhitaji hiyo CD. Na hata ukiipata, draiva ya XP ya 32 bit haiwezi ingia kwa Windows ya 64 bit.

Ingine ni stima. Spika nyingi zenye zinatoka States ni za volti 120, hapa kwetu ni 240. Soma adapta kabla uchomeke, kama imeandikwa 100-240V weka tu na ubadilishe kichwa cha plagi. Kama imeandikwa 120V peke yake usijaribu hata sekunde moja, tafuta adapta ingine yenye volti za DC ziko sawa na ampea sawa ama zaidi, na uangalie pini ya ndani ni chanya ama ni hasi, hiyo mchoro iko hapo kwa lebo.

kota_ya_reli

Hapo kamau umeongea jambo kubwa sana. Spika nyingi zinazosemwa ni mbovu zimeuawa na mtu aliyechomeka adapta ya Marekani kwenye umeme wetu.

neema_tz

Samahani kaka, mimi yangu inaongea vizuri tu lakini inakwaruza, inakuwa kama inakatakata kila baada ya muda, haswa nikifungua browser na tab nyingi. Ni Altec Lansing. Kwenye laptop ya zamani ya baba haikuwa hivi, ni hii mpya ndio inafanya.

kota_ya_reli

Dada Neema hili ndilo tatizo lenye utamu wake, ngoja nieleze vizuri ili kila mtu aelewe kwa nini dawa yake ni ile nitakayoitaja.

Spika za wakati ule zinaongea USB ya mwendo wa megabiti 12 kwa sekunde. Kompyuta inagawa muda vipande vya milisekunde moja moja, na kila milisekunde inaitumia spika kafurushi ka sauti. Sauti ya 48000 Hz ina sampuli 48 kwa kila milisekunde, kila sampuli ni baiti 2 mara pande mbili, kushoto na kulia, unapata baiti 192 kila furushi. Ukiwa kwenye 44100 haigawanyiki sawasawa kwa hiyo inatuma mafurushi tisa ya sampuli 44 halafu la kumi lina sampuli 45, inarudia hivyo hivyo masaa yote. Sasa kwenye sauti USB hairudii furushi lililopotea. Ukikopi faili kwenye flash na kipande kikaharibika njiani kinatumwa upya, lakini kwenye spika muda umeshapita, ikikosa imekosa na wewe unasikia "krrr". Ni kama daladala ya saa kumi na mbili kamili, haimsubiri abiria.

Kompyuta mpya zina kontrola moja ya USB 3 inayohudumia kila kitu, vya mwendo mkubwa na hivi vya polepole vya zamani, na zipo ambazo hazivipangii vizuri hivi vya polepole. Hata AMD wenyewe mwaka 2021 walikiri kwamba bodi za chipseti za mfululizo wa 500 zilikuwa na shida ya USB kukatika, wakatoa marekebisho kupitia BIOS (programu ya ndani ya bodi yenyewe) yenye toleo la AGESA 1.2.0.2. Kwa hiyo kama una bodi ya namna hiyo na hujawahi kuupdate BIOS anza hapo.

Kwa wengine wote jaribuni kuweka USB hub katikati, hub ya kawaida ya 2.0. Wengi wanashangaa hub itasaidia nini wakati inaongeza tu kitu njiani. Hub ya 2.0 ndani yake kuna sehemu inayofanya kazi ya mkalimani, upande wa kompyuta inaongea megabiti 480, upande wa spika inaongea megabiti 12, hivyo kompyuta haishughuliki moja kwa moja na kifaa cha polepole. Haitibu kila laptop ila mimi ndiyo ya kwanza kuijaribu siku zote kwa sababu kila mtu ana hub kwenye droo.

Wakati unafanya hivyo usiiweke spika kwenye hub moja na webcam au hard disk. Na tundu la buluu la USB 3 halina ubaya, ndani lina zile pini nne za zamani vilevile na spika yako inatumia hizo hizo, zile za ziada haizigusi.

neema_tz

Nimeweka hub ya mdogo wangu, imetulia! Kwa sasa naisikiliza na tab zote ziko wazi. Ila sasa kuna jambo jipya, nikiacha kusikiliza kama dakika kadhaa halafu nikianza tena inapiga "pop" na neno la kwanza linakatwa.

kota_ya_reli

Safi sana dada. Hiyo pop ni kompyuta inailaza spika ili itunze umeme halafu inaiamsha. Nenda kwenye mipangilio ya umeme ile ya zamani ya Kontrol Paneli, ingia kwenye mipangilio ya juu zaidi, kuna sehemu ya USB, zima ile ya kusimamisha USB isiyotumika. Halafu kwenye Divaisi Menija fungua kila USB hub, kwenye kichupo cha umeme toa tiki inayoruhusu kompyuta izime kifaa. Kwenye laptop betri itaathirika kidogo sana, hutaona.

mwl_sayansi_songea

Wakuu nimefuatilia kwa karibu. Sisi shuleni tunatumia Linux (Ubuntu) kwenye kompyuta za maabara, tumepata msaada wa spika ndogo za USB, hazina waya wa umeme, zinajitegemea kwa USB. Chache zinafanya kazi nyingine kompyuta inazikataa. Nataka wanafunzi wasikilize mazoezi ya matamshi ya Kiingereza na Kifaransa. Tumetumia hub moja ya matundu manne kwa kompyuta moja ili wakae kundi.

kota_ya_reli

Mwalimu heshima yako, kazi nzuri hiyo. Shida yako naamini ni ile hub. Hub isiyo na adapta yake ya ukutani inakula kutoka tundu moja la kompyuta ambalo kwa USB 2.0 linatoa miliampia 500, yaani wati 2.5 hivi, na kwa utaratibu hub ya namna hiyo inaruhusiwa kuahidi miliampia 100 tu kwa kila tundu. Spika inapochomekwa inajitambulisha na kusema mimi nahitaji hadi miliampia kadhaa, ikisema 500 kompyuta inakataa kabisa kuiwasha hata kama ni nzima. Zile chache zinazokubali zinaomba kidogo. Tafuta hub yenye adapta yake ya umeme au chomeka spika moja moja nyuma ya kompyuta.

Kwenye Linux fungua terminal uandike `lsusb`, ikionekana kwenye orodha basi imejitambulisha. Halafu `aplay -l` kuona kama imehesabiwa kama kadi ya sauti. Ukitaka kuona kwa nini imekataliwa andika `sudo dmesg` mara tu baada ya kuchomeka, kama ni umeme utakuta imeandika wazi kwamba umeme hautoshi. Na `alsamixer`, bonyeza F6 uchague hiyo spika, uangalie kama chini ya volyumu kuna MM, hiyo maana yake imezimwa mdomo, bonyeza M ifunguke. Spika mpya kwa Linux mara nyingine inakuja ikiwa hivyo au volyumu iko sifuri.

mwl_sayansi_songea

Umeme hautoshi, ndivyo dmesg ilivyoandika neno kwa neno. Nitatafuta hub ya adapta. Mungu akubariki.

abu_salim_muscat

Assalaam aleikum jamaa wa nyumbani. Niko Muscat, n'na MacBook ya M2 na Bose Companion 5, nayo kwenye kompyuta huingia kwa USB. Matundu ya laptop yote Type-C. N'lonunua adapta ndogo ya Type-C kwenda USB ya kawaida dukani hapa, haiwaki kitu. Adapta hiyo hiyo ukitia flash haisomi. Na rafiki yangu yeye kwenye Mac yake inaingia lakini kitelezi cha volyumu kimekuwa kijivu hakisogei.

kota_ya_reli

Waaleikum salaam sheikh. Ya adapta kwanza. Tundu la Type-C halitoi umeme hovyo hovyo, linakaa kimya mpaka lione kwenye pini inayoitwa CC rezista ya kilo-omu 5.1 iliyokwenda kwenye graundi, ndipo linajua kuna kifaa kimekuja na linafungua zile volti 5. Adapta za bei chee nyingine hiyo rezista hawakuiweka, kwa hiyo hata flash haisomi kama unavyosema. Badilisha adapta tu, chukua ile iliyoandikwa OTG (ya kuchomekea vifaa vya USB kwenye tundu la Type-C au simu), ijaribu palepale dukani kwa flash kabla hujalipa.

Halafu kuanzia macOS 13, laptop za chipu za Apple zinauliza kama unaruhusu kifaa kiunganishwe, kibao kinatokea juu ya skrini, ukikipuuza kifaa kinapata umeme lakini hakiongei.

Ya volyumu ya kijivu, spika nyingine hazikuwekewa sehemu ya kupokea amri ya volyumu kutoka kompyuta, na Mac inaheshimu hilo, haikuwekei volyumu ya bandia. Windows na Linux zenyewe zinapunguza kwa programu kabla ya kutuma. Kwenye Mac kuna programu ndogo za bure za kuongeza kitelezi, au rafiki yako atumie kitufe cha kwenye spika. Pia mwambie afungue Audio MIDI Setup ahakikishe fomati ni 44.1 au 48.

dogo_wa_makorokoro

Mie nauliza kuhusu simu tu, laptop sina. Inawezekana?

kota_ya_reli

Inawezekana kabisa. Android kuanzia 5.0 ya mwaka 2014 inakubali sauti ya USB, unahitaji adapta ya OTG. iPhone 15 na kuendelea zina Type-C nazo zinakubali. Spika yenye umeme wake wa ukutani inakwenda vizuri sana na simu kwa sababu kutoka kwenye simu inachukua umeme kidogo tu. Zile zinazokula USB peke yake zitamaliza chaji haraka au simu itakataa, hapo weka hub yenye adapta. Simu nyingine OTG inabidi uiwashe kwenye seting kwanza.

Na hii ndiyo njia yangu ya kununulia. Nenda dukani na simu na kebo ya OTG mfukoni, chomeka, weka mziki wenye besi na sauti ya mtu, sikiliza kushoto, sikiliza kulia, zungusha volyumu mwanzo mpaka mwisho. Huhitaji laptop ya muuzaji wala maneno yake. Kitufe kikikwaruza unapokizungusha ni vumbi, dawa ya kusafishia kontakti inatibu.

dogo_wa_makorokoro

Na zile risiva za bluetooth za buku kumi, nikichomeka spika humo inakuwa wireless?

kota_ya_reli

Hapana mkuu. Zile zinatoa sauti kwa pini ya earphone, na lile tundu la USB ulilonalo ni la kuipa risiva umeme. Spika ya USB ni mgeni, lazima upande wa pili awepo mwenyeji, yaani kompyuta au simu inayotoa amri. Mgeni kwa mgeni hawaongei. TV nazo zina tundu la USB ila nyingi linasoma flash tu. Ukitaka bluetooth kwenye spika ya USB mwenyeji mdogo ni Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya bodi moja, inapokea bluetooth halafu inatuma kwa USB. Chukua Pi 4 kwenda juu, za nyuma yake zilisumbuliwa sana na sauti ya USB ya mwendo mdogo.

fundi_darajani

Vipi wanauzi. Nipo Unguja, kazi yangu hii. N'nataka kusema la upande wa vifaa, kwa sisi wa pwani chumvi ndiyo adui. Spika ya USB ikikaa miaka miwili karibu na dirisha la baharini utakuta kichwa cha USB kimepata ukijani, pini za kati ndizo zinabeba data na ndizo fupi, umeme unapita taa inawaka lakini data hakuna. Safisha kwa spiriti ya asilimia 90 na zaidi na mswaki laini, iache ikauke kabisa.

Cha pili kapasita. Ukifungua sabufa ya miaka 20 angalia zile kapasita za mkebe kwenye bodi ya umeme, kichwa kikivimba hata kidogo au kuna ukungu wa kahawia chini yake, badilisha. Dalili yake ni mvumo wa "mmmm" hata spika ikiwa haijaunganishwa na kompyuta, au inawaka ikipata moto inazima. Weka yenye mikrofaradi sawa na volti sawa au zaidi, ya digrii 105. Tahadhari, ile kubwa upande wa umeme wa ukutani inabeba volti zaidi ya 300 na inabaki nazo hata umechomoa, asiyejua asiguse.

Cha tatu pembezoni mwa koni ya sabufa. Zile za sponji zinaoza zinamung'unyika kama majivu, sauti inakuwa ya kupasuka. Za mpira hudumu zaidi. Ring ya kubadilisha inauzwa, unaibandika kwa gundi, sabufa inarudi.

Na ikiwa chipu ya USB yenyewe imekufa, hapo kazi bado haijaisha. Mimi huifuata ile chipu, baada yake sauti ishakuwa analogi, natafuta njia mbili za kushoto na kulia zinazoingia kwenye amplifaya, nazikata pale na kuchomelea waya wa pini ya earphone wenye graundi yake. Inapoteza USB lakini spika inaishi. SoundSticks za kwanza zimefanyiwa hivi na watu wengi duniani.

kota_ya_reli

Fundi hapo umemaliza, mimi naomba watu waisome hiyo ya ukijani mara mbili. Mtu anaona taa imewaka anaamini waya ni mzima, kumbe data haina habari.

jembe_la_mjini

Wakuu bila kuwaudhi, kwa nini mtu ahangaike hivi wakati spika ya bluetooth mpya unaipata kirahisi tu na unatembea nayo?

kota_ya_reli

Huudhi mtu mkuu, swali halali. Spika ya bluetooth ya kubeba ni nzuri kwa kubeba. Mezani mimi naitaka hii kwa sababu tatu zinazonigusa. Moja, bluetooth inachelewesha sauti, ukiedit video au ukipiga kinanda kwenye kompyuta unabonyeza sasa unasikia baadaye, kwa waya hilo hulihisi. Mbili, hakuna betri ya ndani itakayochoka ukashindwa kuibadilisha, spika nyingi mpya ndogo zinakufa kwa betri wakati koni ni nzima. Tatu, wati 20 za sabufa na wati 10 kila kijiti, kushoto na kulia zimeachana mita nzima, unamsikia mpiga gitaa amekaa wapi. Hilo boksi moja la kubeba haliwezi. Na ikiwa kitu kimesafiri kutoka Ulaya kuja kutupwa kwetu kikiwa kizima, mimi inaniuma, dampo zetu zimeshajaa plastiki na risasi za bodi.

likoni_sound

Nimerudi na habari. Yamaha zatoa sauti! Ilikuwa draiva ya zamani imebaki kwa laptop, nilihamisha mafaili yote kutoka kompyuta ya kale pamoja na programu zake. Nimeiondoa, Windows imeweka yake. Ila upande wa kulia ni mdogo kuliko kushoto.

kota_ya_reli

Alhamdulillah. Badilisha nafasi za spika mbili, ya kulia ichomeke kushoto. Udogo ukihama na spika, koni au waya wake una tatizo. Ukibaki upande uleule, cheki balansi kwenye seting za Windows, ikiwa sawa basi ni kile kitufe cha volyumu, kizungushe mwanzo mpaka mwisho mara nyingi spika zikiwa zimezimwa halafu upulize dawa ya kontakti.

likoni_sound

Umebaki uleule, na balansi iko 100 kwa 100. Nimezungusha kitufe, umepanda wenyewe. Dawa nitapata kwa fundi wa hapa mtaani.

kamau_wa_cables

Muulize ile imeandikwa ya kusafisha elektroniki, isiwe WD-40 ya kawaida ya kulegeza nati. Hiyo inaacha mafuta na vumbi inashika tena.